Kabari Nne na Mche wa Sabuni

Mwaka 2011 nilikuwa mtunza godauni hapa Jinja, Uganda, upande ule wa viwanda unaoteremkia ziwani, ambako upepo ukigeuka unakuletea harufu ya mukene, dagaa wa ziwani, wanaoanikwa Masese. Godauni lenyewe lilijengwa enzi za pamba: kuta nene, bati lenye kutu, nguzo mbili za zege katikati, na mlango wa chuma wa kusukuma kando. Kazi yangu ilikuwa funguo, daftari na panya.

Humo ndani kulikuwa na karavani. Nilipokuwa mtoto Walukuba, mtaa wa hapahapa Jinja, sikuwahi kulisikia neno hilo. Shuleni tulifundishwa msafara, watu na mizigo na punda, basi. Kumbe Waingereza wamelichukua neno lilelile la msafara wa ngamia wakakipa kibanda chenye kitanda, jiko na pazia za maua, kinachokokotwa na gari. Hii ilikuwa ya mama mmoja wa Kiingereza, muuguzi mstaafu, aliyezunguka nayo vijiji vya Busoga akipima watu macho. Alipougua akarudi kwao, akaiacha kwetu. Ilikuwa kubwa, ya ekseli mbili, magurudumu manne, na kibao kando ya mlango wake kiliandikwa kilo 1,500.

Siku ilipoletwa, godauni lilikuwa tupu. Dereva aliirudisha kinyumenyume hadi ukutani, akaifungua, akaondoa gari lake. Dakika kumi tu. Mimi nikaona ni kitu chepesi.

Miaka miwili baadaye mama akapiga simu: ameiuza kwa bwana mmoja wa Mbale, atakuja kuichukua Alhamisi. Nikasema sawa, mama. Nilipoweka simu chini ndipo nikaitazama mashine ya kusaga mahindi.

Mashine ile niliiruhusu mwenyewe. Mfanyabiashara alikuja, akauliza kama kuna nafasi, nikajibu nafasi ipo, na kweli ilikuwepo, kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kuvuta kitu chochote kizito kuliko toroli. Akaifunga kwa bolti kwenye sakafu, katikati ya karavani na mlango. Sasa nikachukua futi kamba. Karavani, upana mita 2 na sentimita 20. Upenyo kati ya nguzo na mashine, mita 2 na sentimita 45. Kwa hesabu inapita. Taabu ni kwamba haikuuelekea upenyo. Ilibidi ijongee kushoto kwanza, halafu igeuke, halafu ndiyo itoke.

Jumatano asubuhi nikawaita vijana wanane wa stendi ya bodaboda. Ahadi: rolex moja moja, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, na shilingi 5,000 kila mmoja. Pale stendi wanasema Kiganda na Kisoga, lakini kazi ya nguvu ikianza lugha inabadilika yenyewe. Moja, mbili, harambee! Haikutikisika. Harambee! Kijana mmoja mwenye mabega ya mbeba magunia akaegemeza bega kwenye kona, chini ya dirisha, akasukuma kwa hasira. Tukasikia kitu kama kibuyu kikavu kikipasuka. Ukuta ukabonyea kama sufuria.

Hapo ndipo nilipojua ukuta wa karavani ni bamba jembamba la alumini juu ya fito za mbao. Unasukuma penye vishikio vyake au kwenye fremu ya chuma ya chini, si pengine. Niliwalipa, wakaenda na rolex zao. Nami nikaenda Walukuba kumtafuta mjomba.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa reli, kazi yake kupanga mabehewa. Zamani, injini ikiwa mbali, mtu mmoja aliweza kulisogeza behewa kwa mtaimbo: anauchomeka kati ya gurudumu na reli, anaubinya, behewa linaenda inchi mbili, anauchomeka tena. Alikuja na mtaimbo huohuo begani, na mfuko wenye kabari nne za mti wa mvule zilizong'aa kwa kushikwa miaka mingi.

Hakunisalimu. Alizunguka karavani, akainama, akatazama chini yake, akauegemeza mtaimbo ukutani. "Huu ni wa chuma juu ya chuma," akasema. "Mpira utaila nguvu yako yote." Halafu akauliza, "Hendibreki aliivuta nani?"

"Mimi, mjomba. Nilidhani ndio usalama."

"Usalama wa miaka miwili."

Breki ikivutwa na kuachwa hivyo muda mrefu, lainingi, vile vipande vinavyobana, zinashikana kwa kutu na dramu, ile bakuli ya chuma ndani ya gurudumu. Vijana wangu wanane walikuwa wanasukuma kitu kilichofungwa. Mjomba akatia kabari magurudumu matatu, akaachia hendibreki, akainua gurudumu la nne kwa jeki, akaanza kuigongagonga dramu kwa nyundo ndogo, pole pole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Gurudumu likalia kwii, likazunguka. Akaenda la pili. Yote manne yakatuchukua hadi saa sita mchana. Mimi nikapewa pampu ya mguu nijaze matairi mpaka yawe magumu, kwa sababu tairi laini ni sawa na kusukuma kwenye matope.

Baada ya hapo karavani ilisogea mbele kwa watu watatu. Watatu! Nilitaka kushangilia. Mjomba akaniambia nisubiri kona.

Na kona ilikuwa kona. Kitu cha magurudumu mawili kinageuka papo hapo kama mkokoteni, bali cha manne hakitaki: gurudumu la mbele linavuta huku, la nyuma linavuta kule, mpira unakwaruza sakafu na wewe unakwaruza roho. Tena kale kagurudumu kadogo ka mbele, kanakobeba pua, kaliingia kwenye ufa wa sakafu kakakwama. Mjomba akaweka ubao chini yake. Kisha akakazungushia mpini wake mpaka pua ikanyanyuka juu kabisa, hata karavani ikaonekana kama mbuzi anayechungulia ukuta. Sikuelewa hadi nilipoinama: uzito wote ulikuwa umehamia ekseli ya nyuma, ya mbele inagusa sakafu kwa adabu tu. Sasa ilikuwa na magurudumu mawili, si manne.

"Lete bati na sabuni," akasema.

Nikaleta vipande viwili vya bati bapa na mche wa sabuni ya kufulia. Akavilaza mbele ya magurudumu ya nyuma, akavipaka maji na sabuni kama anasugua shati, tukaivuta karavani ikapanda juu yake. Mtu mmoja akashika mdomo wa mbele akausukuma kushoto. Sitasahau ule mwendo. Kilo zote zile ziliteleza kama mtumbwi uliotoka gatini.

Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye alirudi bila kuitwa, akashauri sasa tufunge winchi kwenye nguzo na kuivuta ipite. Mjomba alimtazama. "Na paa utalishika wewe?" Tukatoka nje, tukachimba shimo la kina cha mapajani, tukalaza gogo humo, tukalifukia na kulishindilia, waya wa kushikilia winchi ukitoka katikati yake. Halafu akaleta kapi. Waya ukitoka kwenye winchi, ukapita kwenye kapi lililofungwa kwenye fremu ya karavani na kurudi kwenye gogo, nguvu inakaribia kuwa mara mbili, lakini unavuta waya mita mbili ili karavani iende mita moja. Alinieleza hayo huku anatupia gunia zito juu ya waya, ili ukikatika usije ukamchapa mtu.

Sakafu ya godauni iko chini kuliko barabara, kwa hiyo penye mlango kuna mpando mfupi mbaya. Kazi yangu ikawa kabari. Mjomba akipiga winchi inchi sita, mimi nasogeza kabari nyuma ya magurudumu. Inchi sita, kabari. Inchi sita, kabari. Tulipofika kwenye nguzo, upande mmoja ulibaki upana wa kiganja, upande wa pili nao kiganja, na pale pale komeo la dirisha likashika zege. Ilibidi irudi nyuma kidogo. Kurudi nyuma mtelemkoni ndiko kuliniogopesha kuliko yote: alilegeza waya kwa kiasi cha upana wa kidole, akaniuliza "Kabari?", nikajibu "Ipo," akalegeza tena. Mvua ya Aprili ilikuwa imeanza, na kila nilipojibu "ipo" niliangalia kwanza.

Saa kumi na mbili jioni ilikuwa nje, imesimama kwenye moramu iliyolowa.

Alhamisi yule bwana wa Mbale alikuja na Land Rover. Dereva wake aliifunga, akajaribu kuirudisha nyuma ili aelekee barabarani, na kila alipokata kulia karavani ikaenda kushoto ikijikunja kama panzi. Mjomba akamwambia ashike usukani kwa chini, si kwa juu; mkono uende upande anakotaka mkia wa karavani uende. Mara ya pili ikakaa sawa.

Mwenye kununua alizunguka akaliona bonyeo. Mimi nilikuwa tayari na maneno mdomoni kwamba ni la zamani, la huko vijijini. Mjomba akakohoa. Nikasema ukweli, na yule bwana akampunguzia mama shilingi 200,000, nami nikamlipa mama kwa miezi minne. Hakuniuliza lolote zaidi, alituma tu ujumbe kwamba amezipata.

Mjomba alikuwa hajali hayo. Alikuwa anahesabu kabari zake. Moja, mbili, tatu. Akahesabu tena. Akatazama barabara kule karavani ilikopotelea, akanitazama mimi, akafunga mfuko. Sabuni iliyobaki akaichukua pia.

Kabari ya nne niliiona mwezi Julai, pale stendi, imeegemeza meza ya muuza rolex isiyumbe. Nilimwambia ni ya mjomba wangu. Akanijibu nilete nyingine kwanza.