Kumbukumbu ya mradi wangu: madeni manne na mkataba unaoisha Desemba

Agosti 31, 2025

Nakagua ubora katika kiwanda cha nguo upande wa Ruaraka, Nairobi. Tunashona suruali za kwenda Marekani, nazo huingia huko bila ushuru kwa sababu ya AGOA, sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2000 na kuongezewa miaka kumi mwaka 2015. Muda huo unakwisha Septemba 30. Mkataba wangu unakwisha Desemba 31. Tangu Aprili Marekani imeweka ushuru wa asilimia 10 juu ya bidhaa za Kenya, ovataimu imekatwa, na kwenye laini yetu kuna mashine zimefunikwa nailoni. Hakuna aliyetuambia lolote, lakini mtu aliyekaa kiwandani miaka sita anajua kusoma mashine zilizofunikwa.

Mradi wangu wa miezi hii minne ni kuyapanga madeni yangu ili siku mshahara ukikatika yasiniangukie, wala yasiwaangukie watu wengine.

Hali ilivyo leo: Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, nadaiwa 93,333, salio la mkopo wa 120,000 niliochukua kwa miezi 36 kumjengea mama nyumba ya mabati Kakamega. M-Shwari, mkopo wa simu, 8,000, karo ya mdogo wangu. Duka la chini ya ploti 2,300. Halafu simu ya lipa mdogo mdogo, shilingi 60 kila siku, ambayo inaisha mwezi ujao. Fuliza, ile ya kutumia zaidi ya salio la M-Pesa, sina tena, nilijitoa. Ilikuwa ikikata pesa ikiingia tu, hata ile niliyotumiwa ya kununua dawa ya mama, na mtu hawezi kupanga bajeti na pesa inayoondoka kabla hajaiona.

Septemba 6

Mshahara umeingia. Naiandika peyslipu yote hapa kwa sababu nataka hesabu iwe mbele ya macho.

Mshahara 24,000. SHIF ya afya asilimia 2.75, yaani 660. Nyumba za serikali asilimia 1.5, yaani 360. NSSF ya uzeeni 1,440. Kodi ya mapato, PAYE, hainifikii. Zinabaki 21,540. Sacco inakata marejesho 4,300 na akiba 1,000. Mkononi 16,240.

Toa kodi ya nyumba 6,500. Toa mchango wa chama cha kupeana pesa kwa zamu 1,000. Chakula, gesi, maji na tokeni 5,200, na hapo nakula ndengu na sukuma na kutembea kwenda kazini. Mama 1,000. Simu 1,800. Zinabaki 740. Zamani ovataimu ndiyo iliyokuwa inalipa madeni. Mshahara ulikuwa wa kuishi tu.

Sasa linganisha mikopo miwili. M-Shwari ada yake ni asilimia 7.5 kwa siku 30, kabla ya ushuru. Kwa 8,000 hiyo ni 600. Sacco ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, kwa hiyo kwa 93,333 mwezi huu ni 933. Mkopo mdogo zaidi ya mara kumi na moja unakula ada inayokaribia theluthi mbili ya ule mkubwa. Watu wa laini yetu huogopa deni la Sacco kwa sababu tarakimu zake ni ndefu, na hawaogopi la simu kwa sababu ni la elfu chache. Ningependa kila mmoja aketi na kalamu afanye hesabu hii na deni lake mwenyewe.

Njia niliyochagua kwa M-Shwari: nalipa yote siku ya mwisho, nakopa tena pungufu. Kutoka 8,000 nimeshuka hadi 5,500. Oktoba nitashuka hadi 3,000, Novemba hadi sifuri. Ada inashuka kutoka 600 hadi 412, kisha 225. Mtu mwenye 740 mwisho wa mwezi hawezi kutoa 8,600 bila kukopa tena, ila tofauti ya 3,100 anaweza kuitafuta. Za mwezi huu nimezipata kwa kufupisha suruali. Fundi jirani yangu ana cherehani na ovaloki, jioni yeye huenda kanisani mazoezi ya kwaya, nami nashika mashine yake na kumpa theluthi ya ninachopata. Wauzaji wa mitumba kutoka Gikomba wanaleta suruali za jinzi za kupunguza kiuno. Hiyo kazi naijua usingizini.

Septemba 30

AGOA imeisha leo. Kazini tumeingia na kutoka kama kawaida.

Kwa asiyejua maana yake: suruali ya pamba ya kiume inayoingia Marekani bila msamaha hulipiwa ushuru wa asilimia 16.6, na juu yake ile 10 ya Aprili. Nguo za nyuzi za viwandani hulipa zaidi. Anayenunua huko anaweza kuagiza suruali hiyohiyo Bangladesh. Viwanda vyetu vilisimama juu ya ule msamaha, pamoja na ruhusa ya kutumia kitambaa kilichofumwa nchi nyingine, maana kitambaa chetu cha kutosha hatuna. Nasikia watu wakisema wakubwa watazungumza, itaongezwa. Naomba iwe hivyo. Lakini bajeti yangu naipanga kama haitaongezwa.

Simu imeisha kulipwa. Shilingi 1,800 zimerudi kwangu kila mwezi.

Oktoba 11

Leo nimeenda ofisi ya Sacco, na hapa nitaandika kirefu.

Nilikwenda na swali moja: kazi ikiisha, nini kinatokea kwa mkopo wangu? Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Salio baada ya makato ya Septemba ni 90,000. Akiba yangu, ambayo wengi kazini huiita shea, ni 49,000. Wakifidia mkopo kwa akiba inabaki 41,000. Hizo 41,000 ni za wadhamini wangu watatu, zaidi ya 13,000 kila mmoja.

Dada wa dawati la mikopo alinifungulia faili. Fomu yenyewe ni karatasi moja, sahihi tatu, na mbele ya kila sahihi namba ya mwanachama na namba ya kazi. Nilipoiangalia ndipo nikaona jambo ambalo ningetaka kila mtu wa kiwandani alione. Namba za kazi zote tatu ni za laini yetu. Mimi nimewadhamini wawili, mmoja wao akiwa ni mmoja wa hao walionidhamini. Na wale wengine wamedhaminiana wao kwa wao vivyo hivyo. Tumefungwa kamba moja kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Mdhamini ana maana pale ambapo mmoja akianguka mwingine bado amesimama. Sisi mshahara wetu unatoka mlango mmoja. Kiwanda kikifunga, wote tunaacha kulipa mwezi uleule, na akiba ya kila mmoja inashikiliwa kwa ajili ya mwenzake. Mmoja wa wadhamini wangu ana mtoto anayeingia sekondari Januari, na amekuwa akisema akiba yake ya Sacco ndiyo karo. Haiwezi kuwa karo. Akiba iliyodhamini mtu haitoki mpaka huyo mtu amalize kulipa au apate mdhamini mwingine.

Nilimuuliza yule dada nifanye nini. Akanijibu kitu cha maana sana: Sacco haina haja na mwajiri wangu, ina haja na marejesho. Mshahara ukikatika nami nikaendelea kulipa mwenyewe kwa M-Pesa kila mwezi, mkopo unahesabiwa kuwa salama na wadhamini hawaguswi. Na nikiona nitashindwa, nije kuomba muda urefushwe kabla sijakosa mwezi hata mmoja. Aliyekwisha kukosa husikilizwa kwa namna nyingine.

Nimetoka pale nimebadilisha mpango mzima. Tumelelewa na msemo kuwa dawa ya deni ni kulipa, na nilikuwa nimekusudia kila shilingi ya ziada iingie Sacco nipunguze lile salio. Sasa naona kwa mtu ambaye kazi yake haina uhakika hilo si sawa. Nikiingiza 10,000 Sacco leo, salio linapungua, riba inapungua shilingi 100 kwa mwezi, lakini makato ya mwezi ujao yako palepale na hiyo 10,000 hainirudii Januari nikiwa sina kazi. Nikiiweka mahali ninapoweza kuitoa, ni marejesho ya zaidi ya miezi miwili.

Lengo jipya: shilingi 25,000 taslimu, ambazo ni marejesho ya miezi 6 kwa salio litakalokuwepo Januari. Baada ya hapo ndipo kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Baada ya hapo ndipo kulipa Sacco haraka. M-Shwari iko nje ya mpango huu, yenyewe lazima ife.

Oktoba 19

Zamu yangu ya chama imefika, 10,000. Zimeingia MMF, mfuko wa uwekezaji ninaoweza kutoa pesa, siku hiyohiyo. Riba ninayopata huko ni ndogo kuliko ile asilimia 12 kwa mwaka ninayolipa Sacco, kwa hiyo kwa kalamu napoteza kidogo. Nimekubali. Hiyo tofauti ndiyo bei ya kulala.

Wadhamini wangu nimewaambia yote niliyosikia. Tulikaa nje ya geti wakati wa chakula cha mchana. Mwenye mtoto wa sekondari alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kumweka kaka yake, ambaye ni mwanachama lakini anafanya kazi Industrial Area, awe mdhamini badala yake kwenye mkopo mmoja. Anaweza. Fomu ipo. Hilo litaachia sehemu ya akiba yake, na mkopo huo utakuwa umeegemea, kwa sehemu, mshahara wa mtu asiye wa kiwanda chetu.

Novemba 8

M-Shwari sifuri. Duka sifuri, na mzee wa duka amenifutia jina langu kwenye daftari kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu mbele yangu. Nimefurahi kupita nilivyotarajia.

Kuna mwenzetu wa upande wa kupiga pasi alikopa kwenye programu ya simu, akachelewa, wakaanza kupigia watu walio kwenye kitabu chake cha simu, hadi supavaiza. Analia chooni. Tafadhali, kama wewe ni yeye: sheria ya Benki Kuu iliyorekebishwa mwaka 2021 na kanuni za 2022 zinawataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, na zinawakataza kabisa kupigia watu wako ili kukuaibisha. Deni utalilipa, lakini aibu hiyo si haki yao. Weka rekodi za simu na jumbe, upeleke malalamiko Benki Kuu, na pia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Watu wananiuliza kuhusu malipo ya kupunguzwa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema kazi ikifutwa kwa sababu nafasi haipo tena, unapewa notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa miaka yangu sita hizo ni siku 90. Lakini sisi wa mkataba wa muda maalumu, mkataba ukifika mwisho wake na usiongezwe, mwajiri anaweza kusema hajamfuta mtu kazi, muda tu umeisha. Ndiyo maana sijaziweka hizo siku 90 kwenye hesabu yangu hata shilingi moja. Zikija, zitaenda Sacco zote.

Novemba 29

Akiba taslimu: 15,700. Chama 10,000, zilizobaki ni zile 1,800 za simu, suruali za Gikomba na kilichobaki cha mshahara. Bado 9,300 kufikia lengo.

Sacco: salio 83,333, akiba 51,000, pengo 32,333. Agosti pengo lilikuwa 45,333. Halikupungua kwa ujanja wowote, ni makato ya kila mwezi tu.

Yule fundi jirani ameniambia kuna ovaloki iliyotumika inauzwa 18,000 na kwamba nikichukua mkopo wa simu nitairudisha kwa miezi mitatu. Kazi ipo, simbishii. Lakini mashine ya mkopo Desemba hii ni kujiongezea deni kabla ya kujua Januari itakuwaje, na sasa hivi theluthi ninayompa yeye ni nafuu kuliko ada. Nimemwomba tufanye hivi: nikiongezewa mkataba, Februari tununue pamoja kwa pesa taslimu, nusu kwa nusu. Nisipoongezewa, nitakuwa kwake mchana kutwa, na hapo tutazungumza mgao upya, labda robo badala ya theluthi. Amesema atafikiria robo.

Kaka wa yule mwenzetu amekwisha kutia sahihi fomu. Kamati ya mikopo inakaa wiki ya pili ya Desemba. Mshahara wa mwezi huu ukiingia, 3,500 zinakwenda MMF kabla sijanunua unga, na barua ya kuomba Sacco waniandalie namba ya kulipia mwenyewe kwa M-Pesa tayari nimeiandika, iko kwenye mkoba.