Maandalizi ya dhoruba huanzia kwenye mtaro na ufunguo wa shule

Ukitaka kupima kama halmashauri imejiandaa kwa dhoruba, kitabu cha mpango wa maafa kiache kabatini. Karibu kila ofisi inacho, kimejaladiwa, kina ramani za rangi na saini za wakubwa. Omba uoneshwe karatasi tatu: daftari la uzibuaji wa makalavati, orodha ya wanaoshika funguo za majengo yatakayopokea waliohama, na rekodi ya mara ya mwisho jenereta ya kituo cha maji ilipowashwa. Zikiletwa mezani papo hapo, ofisi hiyo iko kazini. Zikianza kutafutwa, jibu umeshalipata.

Dhoruba haileti kazi mpya nyingi. Huchukua kazi za kila siku, yaani taka, mitaro, taa, miti, maji na simu za dharura, ikazidai zote usiku mmoja. Idara inayosuasua siku ya jua haitapata kasi upepo ukianza kuvuma.

Tuanze na maji, maana huko ndiko fedha nyingi hupotea. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja juu ya hekta 1, zimeshuka mita za ujazo 500. Kama eneo hilo limejaa mapaa, lami na zege, chukulia asilimia 80 itatiririka: hizo ni lita 400,000 kwa saa, au kama lita 111 kwa sekunde. Bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 300, likilazwa kwa mteremko wa asilimia 1, hupitisha takriban lita 97 kwa sekunde likijaa. Yaani hekta moja tu imelishinda. La milimita 600 kwenye mteremko uleule hupitisha zaidi ya lita 600. Kipenyo kimezidi mara mbili, uwezo umezidi mara sita. Ndiyo maana kubana bajeti kwenye kipenyo cha bomba ni ubahili unaokuja kulipiwa na wenye nyumba, kwa sababu gharama kubwa ya kulaza bomba iko kwenye kuchimba, kufukia na kurudishia barabara, na hiyo hailingani na ukubwa wa bomba.

Sasa ongeza mchanga. Bomba likijaa tope hadi nusu, wengi hudhani limebaki na nusu ya uwezo wake. Limebaki na theluthi moja na kidogo. Nafasi imepungua, na maji yaliyobaki yanasuguana na kuta za bomba pamoja na uso wa tope, hivyo mwendo nao hupungua. Kalavati ambalo mhandisi alilipigia hesabu vizuri linaweza kufurika kwa mvua ya kawaida kabisa, kisha watu wakasema lilijengwa dogo.

Uzibuaji wenyewe una utaratibu, na makosa yake yanajirudia kila mahali. La kwanza ni kuanza juu. Kazi huanzia kwenye mdomo wa mtaro, pale unapomwaga mtoni au baharini, ikapanda. Ukianza juu, kila unachokikoroga kinashuka kuziba kipande cha chini ambacho bado hakijafunguliwa. La pili ni kuacha tope ukingoni likauke. Mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni, na halmashauri ikalipa mara mbili kwa tope lilelile. Lori la kulibeba liwepo siku hiyohiyo. Kama halipo, kazi isianze.

La tatu liko kwenye mkataba, na mimi huliona kubwa kuliko yote. Mkandarasi akilipwa kwa mita ya mtaro aliyosafisha, atakwangua juu na kusonga mbele. Akilipwa kwa mita za ujazo za tope alizotoa, atachimba hadi sakafu ya asili na kingo zianze kuporomoka. Dawa ni kupima kina cha sakafu kabla na baada, kwenye vituo vilevile vilivyotiwa alama ya rangi, kila mita 20 hivi, na malipo yafuate vipimo hivyo. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye fito ya kupimia na daftari. Ajabu ni halmashauri ngapi zinakosa fito hiyo.

Chujio la nondo mdomoni mwa kalavati nalo lina tabia yake. Nondo zikikaribiana mno, majani na mifuko huliziba ndani ya dakika chache na maji hupanda barabarani ingawa bomba lenyewe ni tupu. Lilazwe kwa kuinama, ili mtu aweze kulikwangua kwa reki ndefu akiwa amesimama juu pakavu. Ajulikane kwa jina ni nani ataenda kulikwangua mvua ikikolea, na ni baada ya kiwango gani cha maji haruhusiwi tena kulisogelea.

Ndani ya chemba, yaani shimo la kushukia kwenye mabomba ya chini ya ardhi, hapaingiwi hivihivi. Haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai yaliyooza ikiwa kidogo, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na fundi akadhani hewa imesafika. Pima gesi kabla ya kushuka na uendelee kupima. Oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5. Mtu wa pili abaki juu, ameshika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa mwenzake. Katika ajali nyingi za chemba, wanaokufa ni pamoja na waliorukia ndani kuokoa.

Taka na mitaro ni idara mbili kwenye makaratasi, lakini maji hayasomi makaratasi. Tahadhari ikitolewa, mzunguko wa magari ya taka unavutwa mbele ili mapipa yawe matupu saa 24 kabla ya upepo. Pipa lililojaa likiangushwa ndilo linaloziba chujio. Vivyo hivyo mabati yaliyolegea, mbao za ujenzi na mabango: nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake, hivyo upepo wa kilomita 120 kwa saa husukuma mara nne ya ule wa kilomita 60.

Kwa miti, kinachofanyika sana ni kibaya sana: kuukata mti kichwa ubaki gogo. Machipukizi yanayotoka hapo hushikilia kwenye gamba la nje tu, yakawa mazito baada ya misimu michache, kisha yakavunjika kirahisi kuliko matawi ya mwanzo. Ondoa matawi makavu, punguza yanayosuguana au yanayogusa nyaya, na chunguza shina kwa chini. Uyoga kwenye kitako cha mti, au udongo ulioinuka upande mmoja wa mti ulioinama, ni dalili ya mizizi kushindwa. Mti wa namna hiyo hausubiri msimu.

Kuhusu tahadhari, mifano miwili inatosha. Tarehe 29 Oktoba 2024 huko Valencia, Hispania, mamlaka ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu za wananchi ulitumwa baada ya saa 2 usiku, wakati maji yalikuwa yameshajaa barabarani na kwenye maegesho ya chini ya majengo. Walikufa watu zaidi ya 200. Utabiri ulikuwepo, kilichochelewa ni uamuzi wa kubonyeza kitufe cha kutuma ujumbe. Bangladesh ilianzia pabaya zaidi: kimbunga cha Bhola cha 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa kujiandaa kwa vimbunga unaotegemea watu wa kujitolea, ambao leo ni makumi ya maelfu, wenye bendera, vipaza sauti na baiskeli. Wanapita nyumba hadi nyumba. Pamoja na majengo ya hifadhi na utabiri bora, vifo vimeshuka sana, hata vimbunga vikali vinapopiga.

Kwa hiyo andikeni mapema ni nani anayebonyeza, na ni nani anayebonyeza kama wa kwanza hapatikani. Wekeni kizingiti cha namba: kiwango fulani cha mto kwenye kipimo fulani, au milimita kadhaa ndani ya saa, basi ujumbe unatoka bila kikao. Kama mitandao ya simu inaweza kurusha ujumbe kutoka mnarani kwenda simu zote za eneo kwa mpigo, tumieni njia hiyo. Ujumbe mfupi wa kawaida huenda namba moja baada ya nyingine, ukakwama mtandao ukielemewa. Na ujumbe useme la kufanya. «Mvua kubwa inatarajiwa» haumhamishi mtu. «Wakazi wa bondeni, chini ya daraja, hamieni shule ya msingi kabla ya saa 11 jioni, msipite barabara ya mtoni» unamhamisha. Ni vizuri pia kurudia kila mara kwamba sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zikabeba gari dogo, na 60 zikabeba hata magari makubwa ya familia.

Mkishawaambia watu waende shuleni, shule iwe imefunguliwa. Funguo ziwe kwa watu wawili wasioishi nyumba moja, na angalau mmoja aweze kufika kwa miguu bila kuvuka maji. Halafu fanyeni hesabu ya nafasi. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, kikishuka hadi watu 20 wakikaa zaidi, huku matundu ya wanawake yakiwa matatu kwa moja la wanaume. Darasa la mita 7 kwa 9 basi linabeba watu 18. Nimeona mipango inayoandika 60 kwa darasa, kwa sababu ndiyo idadi ya wanafunzi. Mwanafunzi hukaa, hahitaji kulala. Tangi la lita 10,000 kwa watu 200 linaisha siku ya nne asubuhi. Chumba kimoja kiachwe chenye mlango wa kufungika kwa mama wanaonyonyesha na wagonjwa, na njia ya kuingilia iwe na mteremko wa kiti cha magurudumu. Orodha ya wanaotumia mashine za oksijeni, wanaosafishwa figo na wasioweza kutembea iandaliwe kabla ya msimu, pamoja na jina la atakayewabeba.

Jenereta kwa ufupi: kinachoikwamisha mara nyingi ni betri ya kuwashia. Iwashwe kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa na mzigo wa angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Ikizunguka tupu, mafuta yasiyoungua hukusanyika kwenye bomba la moshi. Ya kilowati 20 ikibeba robo tatu ya mzigo hula kama lita 5 za dizeli kwa saa, kwa hiyo siku tatu zinataka lita 360, na ziwe zipo eneo la kituo, zisiwe ahadi ya muuza mafuta. Isiunganishwe kwenye nyaya za jengo bila swichi ya kutenganisha na gridi, vinginevyo umeme hurudi kwenye laini na kumuua fundi anayeamini laini imezimwa. Ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wake, haina harufu.

Taa za barabarani huonekana kama jambo la polisi pekee, na kweli zinasaidia: jaribio la mwaka 2016 kwenye makazi ya umma jijini New York lilipunguza makosa makubwa ya nje wakati wa usiku kwa takriban asilimia 36. Lakini faida ya pili ni namba ya nguzo. Kila nguzo ikiwa na namba inayosomeka, anayepiga simu ya dharura usiku wa dhoruba anaweza kusema alipo, hata kama hajui jina la barabara. Rangi na brashi, basi.

Mikataba ya makatapila, malori na misumeno ya injini isainiwe kabla ya msimu, bei zikiwa zimeandikwa kwa saa. Ikisubiriwa hadi miti imelala barabarani, kila mwenye mashine anajua huna pa kwenda. Wekeni pia kikomo cha upepo cha kuwarudisha watumishi ndani. Idara nyingi Marekani huwasimamisha ukifika karibu kilomita 65 kwa saa. Zimamoto wanaohitaji kuokolewa ni hasara mara mbili.

Maji yakipungua, kuna kazi moja isiyosubiri na ambayo karibu kila mtu huisahau. Tope na takataka zilizoganda ukutani huonesha maji yalifika wapi, na huoshwa na mvua inayofuata au na mwenye nyumba anayefagia. Ndani ya siku mbili tatu, tumeni watu wawili wenye futi na simu zenye kamera wapige mstari wa rangi kwenye nguzo na kuta za majengo ya umma, waandike kimo kutoka ardhini, tarehe na mahali. Wapige picha makalavati yaliyofurika, upande wa juu na wa chini: maji yakiwa yamepanda juu tu huku chini pakiwa shwari, kalavati ni dogo au limeziba; yakiwa yamepanda pande zote mbili, tatizo liko mbele zaidi na kubadilisha bomba hilo ni kupoteza fedha. Karatasi hizo ziende kwa mhandisi kabla ya kikao cha bajeti.