Majogoo kichwa chini

Jumanne baada ya Pasaka. Masika yameushika mji wa Moshi tangu alfajiri, mlima hauonekani, wateja hawapo. Nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka siku zote hizi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kwenye baraza la duka la vitambaa, cherehani mbili, yangu na ya kaka mmoja tunayechangia kodi. Kwa mafundi, Kwaresma ni msimu wa kukesha kuliko wa kufunga: kila mtu anataka gauni la Pasaka, na kila mtu analeta kitambaa wiki za mwisho.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo ukiwa bado mbali, aliniletea kitenge cha majogoo. Majogoo wakubwa, wekundu kwa njano, wamesimama wima kama wanataka kuwika. Kitenge cha namna hiyo kina kichwa na miguu. Cha maua madogo madogo utakata upendavyo, jogoo hasamehi. Nina miaka 18 kwenye kazi hii, na hilo namfundisha mwanafunzi siku ya kwanza. Lakini usiku ule kitambaa kilikuwa kinabana, nikapanga kipande cha mgongo kichwa kwa miguu ili vyote vienee, nikakata. Nikashona, nikaweka zipu, nikapiga pasi. Kesho yake nikalitundika gauni, nimeridhika kabisa.

Mchana kaka wa pembeni alikuwa anatoka kutawadha, birika mkononi. Akasimama nyuma ya lile gauni.

"Dada, hawa jogoo wamesujudu?"

Kifuani walikuwa wamesimama. Mgongoni wote walikuwa kichwa chini, miguu juu, kama wanaopelekwa sokoni. Na kitambaa kilichobaki kisingetosha hata kola.

Mama alipokuja kuchukua, kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Mama, ndivyo kilivyochapwa." Sijui maneno yale yalitoka wapi, ila yalitoka upesi na laini. Akanitazama. Akasema, "Haya mwanangu," akalipa, akaondoka. Ndiyo, nilidanganya juu ya jogoo, tena Kwaresma. Anayemkumbuka Petro, aliyemkana Yesu kabla jogoo hajawika, na acheke, mimi mwenyewe nilicheka baadaye, si siku hiyo.

Alhamisi Kuu likasomwa neno la Yohana 13. Nimelisikia tangu utotoni, lakini safari hii sikio lilinasa kwenye neno moja: "akatwaa kitambaa, akajifunga kiunoni." Kitambaa! Kitu ninachoshika tangu asubuhi hadi usiku. Na hapo hapo Biblia yetu inasema Yesu aliwatawadha wanafunzi miguu, neno lile lile la birika la kaka wa pale barazani. Ndipo Petro akasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Siku zote nilimhesabu Petro hapo kuwa mnyenyekevu. Anamwonea Bwana wake haya, si ndiyo? Safari hii nilimwona mtu mwingine: mtu asiyetaka vumbi lake lishikwe na mkono wa mwenzake.

Hata hivyo sikuelewa sawasawa. Ijumaa Kuu baada ya ibada nilitia shilingi 60,000 kwenye bahasha, bei ya kitenge na ya kushona na kidogo cha juu, nikapanda kwake. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, chai ipo."

Nikasema yote. Kwamba kitambaa hakikuwa na kosa, mkosaji ni mimi, na nilimdanganya. Nikaweka bahasha mezani.

"Najua," akasema. "Kitenge nilikinunua mwenyewe. Nilikuwa nangoja tu." Akairudisha bahasha kwa kidole kimoja. "Hela umeleta. Isale liko wapi?"

Kwa asiye wa kwetu: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake, na akishapelekewa, kukataa kusamehe ni jambo zito sana. Wamisionari wa Leipzig walifika huku mlimani mwaka 1893, tukabatizwa, tukajenga sharika, na isale halikung'oka. Sioni kama lilipaswa kung'oka.

Nilirudi nimenuna. Nilimwona ana maringo, mtu ambaye hata radhi anataka aombwe kwa mtindo wake. Usiku ndipo nilipoanza kuona. Bahasha ile ningeiacha mezani, ningetoka pale nimeinua kichwa, deni limekwisha, wala nisingehitaji chochote kutoka kwake. Nilitaka kulipa ili nisisamehewe. Jani halilipi kitu. Ukilipeleka, umebaki mikononi mwa uliyemkosea.

Jumamosi nikaenda mpakani mwa kihamba chetu, nikakata jani moja. Nililificha ndani ya kanga njia nzima, maana huku ukionekana na isale mkononi kila mtu anajua unakwenda kufanya nini, na wengine watakuuliza kwa nani. Nilimpa kwa mikono miwili. Akalipokea, akasema, "Yameisha." Nikasema nitanunua kitenge kingine, nitakesha. Akasema Pasaka ni kesho, niende nikalale.

Jumapili alilivaa. Hakujitanda kanga, hakujifunika mtandio, na kati ya mabenchi yote ya kanisa akakaa lililo mbele yangu. Ibada nzima, wimbo hadi wimbo, mahubiri, sadaka, nilitazamana na majogoo kichwa chini. Mahubiri yalihusu kaburi tupu, nadhani.

Nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, mkungu wa ndizi ukiwa unapandishwa bei, dada mmoja wa kwaya akamshika bega yule mama, akauliza nani amemshonea.

"Fundi wangu huyu hapa," akasema, akanivuta mkono.

Watu wakageuka. Uongo wa kitambaa ulikuwa bado ulimini, umejipanga tayari.

"Nilikosea kukata," nikasema.

"Pole," akasema yule dada, akageukia mnada. Ndizi zilikuwa zimefika 14,000.

Leo asubuhi, kabla mvua haijashika kasi, mama ametuma mjukuu wake na kitenge kingine. Samaki. Nimekitandaza mezani na kukigeuza mara nne, kisha nikamwita kaka wa pembeni aje aangalie samaki wanaelekea wapi.