Siku yangu na watoto wa utafiti wa zebaki, Shelisheli

Saa mbili kasorobo asubuhi nafungua chumba, napanga kadi za picha, najaribu saa ya sekunde. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Victoria, kisiwani Mahé. Napima ukuaji wa akili wa watoto ambao mama zao walichunguzwa wakiwa wajawazito, tuone kama zebaki, metali iliyomo kwenye samaki, inawadhuru watoto tumboni. Wengi hudhani nashinda nikicheza na watoto.

Saa tatu, mtoto wa kwanza anamaliza salama.

Saa nne anaingia msichana wa miaka saba na baba yake. Nimemwomba baba anyamaze. Picha ya tatu, binti anasita. Baba ananong'ona jibu. Nasimama, namweleza tena kwa Kikrioli. Picha ya tano, anakohoa kwa maana. "Anajua huyu, leo ana haya tu!" Namtoa nje kwa heshima. Binti naye analia, namsubiri mpaka atulie.

Huyo baba hana ubaya, ana hofu. Mlangoni ananiuliza: "Kwani ana zebaki nyingi?" Sijui, wala sitakiwi kujua. Nikijua kiwango cha mama, nitamtazama mtoto kwa jicho jingine. Kiwango hicho kilisomwa kwenye nywele za mama: hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 9 zinabeba habari ya mimba nzima.

Tofauti tunayoitafuta ni ndogo mno, jibu moja la kunong'onezwa laweza kuipotosha. Kule Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, ambako mama walikula pia nyama ya nyangumi, watoto wa miaka saba walionyesha udhaifu kidogo wa lugha, umakini na kumbukumbu. Hapa, kundi kuu lililotangulia hawa, jozi 779 za mama na mtoto, watoto waliozaliwa 1989 na 1990, halikuonyesha madhara ya namna hiyo, ingawa mama walikula samaki kama mara 12 kwa wiki. Samaki ana zebaki, lakini pia ana mafuta yanayojenga ubongo.

Mchana unayeyuka. Majaribio ni yaleyale: kugonga kidole, kutaja picha, kugonga kidole. Mgongo unauma, sauti imekauka, na mtoto wa mwisho anastahili sauti ileile aliyoipata wa kwanza. Nampa.

Giza limeshaingia nikiwa bado nahakiki fomu. Mdogo wangu anapiga kutoka Kilifi, ana mimba ya miezi minne, kaambiwa aache samaki kabisa. Namwambia: kula dagaa, vibua, changu. Papa na nduaro ndio uwaache.