Voisi ya mama na siku niliyomkana Yesu getoni

Hii stori nimekaa nayo karibu miaka miwili sijaiandika popote, sababu kubwa ni aibu. Leo naiandika kwa vile mdogo wangu anaanza chuo mwezi wa kumi na sitaki aende akidhani imani yake itakuja kujaribiwa na mtu mbaya, maana yangu ilijaribiwa na watu wazuri.

Mwaka wa kwanza nilipanga geto Dodoma na washkaji watatu. Watu poa kabisa, hilo naomba lieleweke mapema. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, lilipochelewa mmoja alinilisha wiki mbili bila kuniandika deni, na kuna siku malaria ilinipanda usiku, mwingine akanipakia kwenye bodaboda saa nane akakaa nyuma yangu amenishikilia kiunoni nisidondoke mpaka hospitali. Sasa watu wa hivyo ukikaa nao unataka tu ufanane nao, hamna mtu anakulazimisha, unajikuta unataka mwenyewe.

Nina Biblia ndogo nyeusi, mama alinipa siku ya kipaimara, ukurasa wa kwanza ameandika kwa peni ya bluu jina langu, tarehe, na Yoshua 1:9. Siku hiyo nilisimama mbele ya usharika mzima nikaulizwa kama namkataa shetani na kazi zake zote, nikajibu kwa sauti mpaka bibi yangu akatikisa kichwa kwa furaha kule nyuma. Muhula ule wa kwanza hiyo Biblia ilikaa ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Nikitaka kusoma nasubiri watu watoke, na Jumapili nikienda ibadani naaga kwamba naenda kwa shangazi Area C. Sina shangazi Area C.

Basi Ijumaa moja ilikuwa birthday ya mmoja wetu, geto limejaa watu, chipsi na kuku kwenye mifuko, watu wana bia zao, na simu yangu ndo ilikuwa imeunganishwa kwenye spika kwa sababu ya nyimbo. Mara voisi ya mama ikaingia na jamaa aliyekuwa ameshika simu akaibonyeza, sijui kwa bahati mbaya au vipi, sauti ya mama ikajaa chumba kizima. "Bwana Yesu asifiwe mwanangu," halafu akaanza kuniombea, kwa jina, taratibu kama anavyoombaga alfajiri, akaombea mitihani, akaombea afya, akafika kwa wenzangu ninaoishi nao akaomba Mungu awatunze na wao maana wako mbali na mama zao.

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema kumbe humu ndani tuna mlokole hatuambiwi. Na mimi nikacheka, nikachukua simu nikaizima voisi katikati nikasema, "Huyo bi mkubwa tu na mambo yake, mi na kanisa wapi na wapi bwana." Muziki ukaendelea.

Hamna aliyenitishia, hamna aliyeniuliza mara ya pili, ilikuwa sentensi moja tu. Lakini usiku ule sikulala, na asubuhi nilikuta mama ameandika "umeisikiliza baba?" na tiki za bluu zilishatokea zamani.

Kesho yake nikatoa ile bahasha nikasoma habari za Petro. Ile habari nimeisikia tangu Sunday school ila siku hiyo ndo niliona kitu ambacho sikuwahi kukizingatia: Petro hakumkana Yesu mbele ya Pilato. Kule bustanini alichomoa upanga mbele ya watu wenye silaha. Alikuja kuanguka uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, anaota moto wa makaa pamoja na watumishi, na aliyemuuliza wa kwanza ni kijakazi tu. Walimtambua mpaka kwa lafudhi yake ya Galilaya. Mimi nilitambuliwa kwa sauti ya mama yangu. Halafu ukisoma Yohana 21, Yesu baada ya kufufuka anawasha moto wa makaa mwingine ufukweni, anawachomea samaki, na baada ya kula anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Hamsemi kwa kilichotokea kwenye ule moto wa kwanza. Nililia sana pale, siwezi kudanganya.

Kila tarehe 3 Juni watu wakienda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengine kwa miguu kutoka Kenya na hata huku kwetu, nawaza wale vijana wa mwaka 1886 kwenye jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliouawa kwa sababu ya imani yao. Tunaongea sana habari za moto waliochomwa nao tunasahau kwamba wengi walikuwa vijana wadogo, Kizito alikuwa na kama miaka 14 tu, na wametoka kuishi pamoja na wenzao ambao hawakusali. Anayeniumiza zaidi ni Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, ndiye aliyekuwa amemlea kama mtoto wake. Alimsihi aseme tu kwamba hatasali tena, na ndugu zake nao wakamlilia. Hao hawakuwa maadui, walimpenda na walitaka aishi. Akakataa. Hiyo ndo presha yenyewe, kukataa neno la mtu anayekupenda. Na wale waliokuwa na Karoli Lwanga, kiongozi wao, walikuwa pamoja, mimi niliamua kuwa Mkristo wa siri peke yangu chini ya godoro, nilitegemea nini?

Jumanne iliyofuata tulikuwa tunasonga ugali, nikawaambia. Sikuhubiri, nilisema tu kwamba Ijumaa niliwadanganya, mimi nasali, Jumapili huwa naenda kanisani sio kwa shangazi, na yule mama mliyemcheka alikuwa anawaombea nyie. Kimya. Mmoja akasema poa, mwingine akaanza kuniita Mchungaji, na jina likasambaa mpaka darasani. Kuna viwanja nikaacha kualikwa. Nikatafuta vijana wa USCF, umoja wa wanafunzi Wakristo, pale chuoni, tukawa tunakutana Jumatano jioni, na hilo ndo lilinisaidia kuliko kitu chochote, kukaa na watu ambao sihitaji kuwafafanulia.

Muhula wa pili pepa la somo moja likavuja. Lilikuja mpaka getoni usiku wa manane kwenye simu, wote wameinama wanakopi, na mimi nilikuwa naogopa lile somo vibaya mno. Jamaa akaniambia Mchungaji njoo, Mungu anaelewa. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye ngazi na madesa yangu mpaka betri ya simu ikaisha. Wao walifaulu, mimi nikala sup, yaani mtihani wa kurudia. Septemba wenzangu wako makwao mimi niko geto peke yangu nasoma, na kuna siku niliona kabisa nimefanya ujinga, nisiseme uongo. Sup nilipita, kwa C.

Tuliporudi mwaka wa pili mwenye nyumba akapandisha kodi, ikabidi mmoja awe anakusanya hela za wote, kodi, LUKU na maji. Hatukupiga kura. Yule aliyeniita njoo Mungu anaelewa alinitumia yake wa kwanza akaandika kaa nayo wewe. Mpaka leo nakaa nayo mimi.

Juzi tulikuwa tunakula voisi ya mama ikaingia, nikaifungua kwa sauti hapo hapo mezani. Ilikuwa ya dakika nne. Ilipoisha, huyo huyo jamaa akanawa mkono akasema, "Mwambie maza wiki ijayo tuna mitihani ya UE, asitusahau."