Skripti imegoma kwenye ttyUSB0

Leo mchana hapa Lamu, skripti ya kusoma GPS ya mashua imegoma kwenye kompyuta ya Linux: "Permission denied: /dev/ttyUSB0", yaani haina ruhusa ya kufungua kifaa hicho cha USB. Ikiendeshwa kwa sudo (amri ya kutumia mamlaka ya root, msimamizi mkuu), inasoma.

Jamani, sudo si dawa!

Andika ls -l /dev/ttyUSB0. Ukiona crw-rw---- root dialout, mlango ni wa root na kundi la dialout tu. Jiingize:

sudo usermod -aG dialout $USER

Hiyo -a ndogo ndiyo roho ya amri. Ukiisahau, unaondolewa kwenye makundi yako mengine ya ziada, hata la sudo lenyewe.

Kisha toka kabisa, uingie upya. Kikao cha zamani hakilijui kundi jipya.

Kwenye Arch (aina nyingine ya Linux), kundi ni uucp.

Wenye printa za risiti, kanuni zenu za udev (sehemu ya Linux inayopanga ruhusa za vifaa) mmeziandikaje?