Pini ya Dirhamu 15

Mwezi wa Machi mwaka huu, nilipokuwa nikivua saa ili nitawadhe kwa sala ya alasiri katika msikiti ulio karibu na ofisi yetu hapa Dubai, mkanda uliachia upande mmoja na saa ikaanguka kwenye zulia. Kwa bahati haikuumia. Kilichokatika ni pini inayoushika mkanda kwenye masikio ya kasha (zile pembe za mwili wa saa zinazoupokea mkanda), yaani kile kijiti cha chuma chembamba kuliko njiti ya kiberiti, chenye springi ndani na ncha mbili zinazobonyea, ambazo huingia katika vitundu viwili vilivyotobolewa kwenye masikio hayo. Ncha moja ilikuwa imekatika na kubaki ndani ya kitundu. Yeyote aliyewahi kubadilisha mkanda wa saa anaijua pini hiyo, na anajua kwamba ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika saa nzima.

Saa yenyewe si ya bei ndogo. Ni saa ya Uswisi isiyotumia betri, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na niliinunua miaka minne iliyopita kwa fedha nilizoweka kidogo kidogo tangu mdogo wangu wa mwisho alipomaliza chuo na mimi nikapumua. Niliinunua kwa wakala aliyeidhinishwa, katika mojawapo ya maduka makubwa ya mji huu. Sitaitaja chapa wala duka, kwa sababu nia yangu si kumharibia mtu jina, bali kueleza desturi ambayo wenzangu kadhaa wamenisimulia kuwa wameikuta pia kwa mawakala wengine.

Siku ya kununua nilipokewa kama bwana harusi. Nililetewa gahawa na tende, nikakalishwa kwenye kiti cha ngozi, na mkanda ulipoonekana kunipwaya, fundi aliitwa kutoka chumba cha nyuma, akapunguza pingili mbili kwa bisibisi ndogo, akanivalisha, akaniuliza kama unanikaa vizuri, akarudi ndani. Kazi nzima haikufika robo saa. Niliondoka nikiamini kwamba sehemu ya fedha nilizolipa ilikuwa ya huduma ile, na kwamba nitakaporudi nikiwa na shida nitaikuta palepale nilipoiacha.

Nilirudi Jumamosi moja asubuhi, saa nikiwa nimeifunga katika kitambaa. Muuzaji aliyenihudumia alikuwa mpole na mwenye adabu, na sina neno baya juu yake. Alivaa glavu, akaiweka saa kwenye sinia dogo lililofunikwa mahameli, akaitazama, kisha akaniambia kwamba itabidi ipelekwe kituo cha matengenezo, kwamba makadirio ya gharama yatachukua siku kumi hivi, na kwamba, kwa kuwa saa imeshatimiza miaka minne, wangependekeza ifanyiwe matengenezo kamili. Nilimwomba aniuzie pini peke yake. Alinijibu kwamba hawauzi vipuri kwa mkono. Nilimuuliza kama waranti ya miaka mitano haihusiki, akanieleza, na kwa haki, kwamba waranti hufunika kasoro za kiwandani na haigusi mkanda wala uchakavu wa kawaida. Hilo nililikubali, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye kijitabu cha waranti, na sikwenda pale kutafuta cha bure.

Jambo ambalo sikuweza kulikubali lilitokea katika meza ya pili. Mume na mke walikuwa wamemaliza kununua saa, na fundi akatoka chumba cha nyuma na vifaa vyake ili awarekebishie mkanda. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake. Alifungua kisanduku chenye vigawanyo vidogo vidogo, na katika vigawanyo hivyo zimo pini zimepangwa kwa urefu, za milimita 18, 20 na 22, zinang'aa. Alitumia kifaa chenye ncha ya panda, akabonyeza pini ya mkanda, akauchomoa, akapunguza pingili, akaurudisha. Vifaa alivyovishika, pini zilizokuwa mbele yake na kazi aliyoifanya ndivyo hasa nilivyovihitaji mimi. Nilimwonyesha muuzaji nikamuuliza kwa nini fundi yule asiniangalizie na mimi akimaliza. Alisita kidogo, kisha akasema kwamba fundi wa dukani ni kwa ajili ya mauzo, na kwamba saa ikishatoka dukani inashughulikiwa na idara nyingine.

Niliiacha saa, nikapewa stakabadhi. Mlangoni bawabu, kijana wa Kenya ambaye tulikuwa tumeshasalimiana kwa Kiswahili nilipoingia, aliniona mkono mtupu akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole, mzee. Fundi anajua kazi sana, lakini hawamruhusu." Nilimshukuru. Niliona kwamba hata anayesimama mlangoni ameshaujua ugonjwa wa mle ndani.

Makadirio yalikuja siku ya kumi na tatu: dirhamu 2,900 kwa matengenezo kamili, yaani kufungua mitambo yote, kuisafisha na kuitia mafuta mapya, kubadilisha mipira ya kuzuia maji, kung'arisha kasha na mkanda, na mwisho wa orodha, pini mbili. Nilipiga simu nikaomba nifanyiwe hiyo kazi ya mwisho tu. Niliambiwa kituo hakigawi kazi. Nilipiga tena siku iliyofuata nikazungumza na mtu mwingine, na jibu likawa lile lile. Basi nikaomba nirudishiwe saa yangu kama ilivyo, na baada ya wiki tatu na siku mbili tangu niiache niliipokea ikiwa katika bahasha ya plastiki, mkanda ukining'inia upande mmoja, na vipande vya pini iliyokatika vikiwa katika kibahasha chake.

Nataka kuwa mwadilifu katika suala la matengenezo kamili. Saa ya mitambo inahitaji mafuta mapya baada ya miaka kadhaa, na anayesema haihitaji anampotosha mwenzake. Lakini Rolex, kwa mfano, wenyewe wanapendekeza takriban miaka kumi kati ya matengenezo na matengenezo, kutegemea saa na matumizi yake. Ya kwangu ina miaka minne, nami huilinganisha na simu kila Ijumaa: inazidi kwa sekunde tatu au nne kwa siku. COSC, taasisi ya Uswisi inayothibitisha usahihi wa mitambo ya saa, hukubali wastani wa kuanzia kuchelewa sekunde nne hadi kuzidi sekunde sita kwa siku. Mitambo hiyo haikuwa na malalamiko yoyote, na hakuna aliyeipima kabla ya kupendekeza ifunguliwe.

Kuhusu kung'arisha, naomba msomaji mwenye saa ya namna hii anisikilize kwa makini. Kung'arisha ni kuondoa chuma. Kila mara saa inapopitishwa kwenye gurudumu la kung'arishia, kingo za masikio zinapoteza ukali wake na mistari iliyochorwa kiwandani inafifia, na kilichoondoka hakirudi. Ukiiacha saa popote, andikisha kwenye stakabadhi kwamba ising'arishwe, piga picha za kasha kutoka pande zote mbele ya muuzaji, na omba vipuri vya zamani virudishwe kwako. Saa ikiwa ni ya urithi, andikisha pia kwamba uso wake na akrabu zake visiguswe bila idhini yako ya maandishi. Nimemwona rafiki yangu mmoja akirudishiwa saa ya marehemu babake ikiwa na akrabu mpya nyeupe, na zile alizozitazama utotoni, zilizogeuka rangi ya asali kwa umri, zimekwisha kutupwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi tusiende moja kwa moja kwa fundi wa mtaani. Kwa pini inawezekana. Kwa kazi kubwa zaidi njia imezidi kuwa nyembamba. Kampuni kubwa zimekuwa zikiwafungia mafundi huru vipuri vyake. Swatch Group, yenye chapa za Omega, Longines na Tissot, ilisitisha kuwauzia wauzaji wa jumla wa vipuri mwishoni mwa mwaka 2015. Ulaya, chama cha mafundi saa kiliwasilisha malalamiko kwa Kamisheni ya Umoja wa Ulaya mwaka 2004, kesi ikaenda na kurudi mahakamani kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2017 mahakama ikaunga mkono uamuzi wa Kamisheni wa kutoliendeleza lalamiko hilo. Hoja ya kampuni ni ubora na hofu ya vipuri bandia, nayo ni hoja yenye uzito. Lakini anayejitwalia haki ya kuwa mtengenezaji wa pekee amejitwika pia wajibu wa kutengeneza vidogo. Haiwezekani mlango wa fundi wa mtaani ufungwe kwa jina la ubora, kisha mlango uliobaki umtazame mwenye pini iliyokatika na kumwambia kazi yake haigawiki.

Kesho yake baada ya kurudishiwa saa nilikwenda Deira, mtaa wa zamani wa Dubai. Katika kichochoro kimoja kilicho nyuma ya soko kuna fundi kutoka Kerala, India, mtu mzima, ambaye banda lake linatosha mtu mmoja na nusu. Aliivaa lenzi yake jichoni, akakitazama kitundu kwa muda mrefu bila kusema, kisha akaitoa ncha iliyokwama kwa kibano, polepole, akiwa ameyafunika masikio ya kasha kwa utepe ili kibano kisiyakwaruze. Alinipa lenzi nitazame mwenyewe. Alinionyesha kwamba pini iliyokatika ilikuwa nyembamba kidogo kuliko kitundu, hivyo ilikuwa ikicheza na kujisaga tangu siku ya kwanza. Alichagua nyingine nene zaidi, akaweka mbili kwa pande zote mbili, akauvuta mkanda kwa nguvu mara tatu. Nilimuuliza kama aangalie na mpira wa kuzuia maji. Alikataa, akaniambia kwamba hana mashine ya kupimia shinikizo la maji, na kwamba kazi hiyo niipeleke kwa kampuni wakati wake ukifika. Alinitoza dirhamu 15, na alikuwa ametumia dakika ishirini.

Wakati nikisubiri nilimkumbuka fundi saa wa Mombasa aliyekuwa akitutengenezea Seiko ya baba, chini ya ngazi za jengo moja la Barabara ya Biashara. Kila alipomaliza alimgeuzia baba saa, akamfungulia mgongo wake na kumwonyesha alichokifanya kabla ya kuufunga. Baba hakuwa na ujuzi wowote wa saa, lakini aliinama akatazama kila mara.

Nimemwandikia meneja wa duka barua ya ukurasa mmoja. Sikudai fidia. Nimeomba kwamba fundi aliyepo dukani aruhusiwe, saa chache kila wiki, kukaa mbele na kuwahudumia wenye kazi za pini, bisibisi na pingili, kwa malipo yaliyobandikwa ukutani, na kwamba muuzaji aruhusiwe kumwita fundi aitazame saa kabla ya kuipeleka kituoni. Amenijibu kwa heshima kwamba maoni yangu yamefikishwa katika idara inayohusika. Nimemwandikia tena kumuuliza ni idara gani na ni nani humo nizungumze naye. Vipande vya pini ninavyo bado, katika kibahasha kile kile chenye kibandiko chao cha namba ya kazi, ili niende navyo nitakapoitwa.